Tupeane uzoefu: hakimiliki ya vyanzo katika kuandika riwaya za kihistoria

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Ninaandika riwaya ya wakati wa Vita vya Maji Maji, nikitegemea taarifa za maofisa wa Kijerumani, vitabu vya wanahistoria wa baada ya Uhuru na masimulizi ya wazee. Najua kwamba matukio ya mwaka 1905 hayamilikiwi na mtu na kwamba yeyote anaweza kumwandika Kinjikitile. Kinachonitatiza ni maneno ya wale walioyasimulia matukio hayo. Mliokwisha kupita njia hii, tafadhali tuelezeni mlivyofanya hasa.

Kasikazi wa Tanga
Ndugu mleta mada, kwa kila chanzo mimi hujiuliza nani alisema, nani alitafsiri na nani alihariri, kwa sababu haki zao hazimaliziki siku moja. Mhusika wangu aliufuata msafara wa Tippu Tip hadi Manyema, kwa hiyo niliitegemea sana tawasifu yake. Yeye alifariki mwaka 1905, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo maneno yake ya Kiswahili yalikwisha kuwa huru zamani. Lakini nakala yangu ilikuwa na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley, aliyefariki mwaka 1972, na tafsiri hulindwa kama kazi inayojitegemea. Kwa hesabu ya Tanzania ulinzi huo ulikoma mwishoni mwa 2022, ilhali Uingereza, ambako ni miaka 70, utaendelea mpaka mwisho wa 2042, na mchapishaji wangu alikusudia kuuza kitabu huko pia. Nikaiweka tafsiri kando, nikafanya kazi na Kiswahili chenyewe, na kwa kweli mazungumzo ya wahusika yalinufaika kuliko nilivyotazamia.

Binti Mhariri
Naunga mkono. Habari ni hiyohiyo kwa kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Sayyid Said: Kijerumani chake cha mwaka 1886 ni huru, maana alifariki mwaka 1924, ila tafsiri ya juzijuzi ina mwenyewe.

Msomaji wa Nyaraka, Mombasa
Mimi nilifanyia kazi barua za mmisionari mmoja wa Kiingereza ambazo hazijawahi kuchapishwa. Nilidhani ukongwe wake unatosha, kumbe nchini Uingereza maandishi yasiyochapishwa ya mtu aliyefariki kabla ya 1969 kwa kawaida hulindwa mpaka mwisho wa 2039, hata kama mwandishi alizikwa enzi za Malkia Victoria. Tena maktaba iliyonipa nakala inamiliki karatasi tu. Ruhusa ya kuyachapa maneno hutoka kwa warithi, ambao sikuwapata. Nikachukua kilicho cha kihistoria, yaani tarehe, homa, bei ya pembe za ndovu na majina ya vituo vya njiani, kisha nikamtungia mhusika wangu barua zake mwenyewe, bila kuazima sentensi hata moja.

Wakili Mstaafu
Kesi mbili za London zitawasaidia. Mwandishi Trevor Ravenscroft alimshinda mwandishi wa riwaya James Herbert, kwa kuwa riwaya ya Herbert ya mwaka 1978 ilibeba uteuzi wa matukio, tafsiri ya matukio hayo na hata lugha ya kitabu cha Ravenscroft. Kinyume chake, waandishi waliomlalamikia mchapishaji wa Dan Brown, mtunzi wa riwaya ya The Da Vinci Code, walishindwa mwaka 2006, na tena katika rufaa mwaka 2007, kwa sababu kilichochukuliwa kilikuwa dhana za jumla. Kwa maoni yangu, hatari kubwa ni kufuata kitabu kimoja sura kwa sura. Mwenye vyanzo vitano kwa tukio moja hulazimika kuupanga mtiririko wake mwenyewe.

Mjukuu wa Ungoni
Kuhusu wazee: yaliyotokea ni historia ya wote, lakini namna mzee alivyoyasimulia kwenye kinasa sauti ni usemi wake, na sheria hiyohiyo ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, kwa hiyo nyimbo na hadithi za ukoo ziulizieni mapema. Mimi huandika hati fupi ya ruhusa kwa Kiswahili chepesi na kumsomea mzee kwa sauti, mjukuu wake akiwa shahidi, kabla hajatia saini. Babu mmoja alikubali yote isipokuwa jina la baba yake, ambalo aliagiza nilibadilishe. Sheria haikunilazimisha, lakini nililibadilisha.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Wakili, shikamoo. Nitazitafuta hukumu hizo nizisome. Sasa mchapishaji anataka picha ya zamani ya boma la Songea jaladani, na mpigaji wake hajulikani. Aliyewahi kutumia picha ya namna hiyo alianzia wapi?