Tupeane uzoefu: Kuzitambua sayari ukiwa Kigoma

Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu wa kuzitambua sayari kwa macho matupu, hasa sisi tunaoishi Kigoma, ambako magharibi hakuna kinachoziba anga isipokuwa milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa kuwa tuko mwisho wa nchi na tunatumia saa zile zile za Dar es Salaam, jua hutuzamia karibu na saa moja jioni, na Zuhura, ikiwa zamu yake ni ya jioni, hujitokeza kabla nyota yoyote haijaonekana. Mimi hutazamia Kibirizi. Tatizo la pale ni taa za wavuvi wa dagaa, ambazo usiku wa giza hutapakaa ziwani na kufanana kabisa na sayari iliyoshuka. Dawa yake ni kusubiri robo saa: sayari itazidi kushuka hadi ifichwe na milima, ilhali taa itabaki juu ya maji, chini ya mstari wa milima hiyo.

Mchangiaji wa Ujiji: Ahsante, mleta mada. Marehemu baba alikuwa mvuvi, na siku za mwezi mpevu hakwenda ziwani, kwa sababu dagaa hawaifuati taa kukiwa na mbalamwezi. Usiku huo ndio alionifundisha kuufuata mwezi wenyewe, kwani hupita njia ile ile ya sayari na kila mwezi huzikaribia moja baada ya nyingine. Hapa kwetu, nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, njia hiyo hupita juu sana, kwa hiyo anayeitafuta Mshtarii chini kabisa upande wa kusini anajichosha bure.

Mchangiaji wa Tabora: Huku kwetu ni tambarare, lakini Agosti na Septemba moshi wa mapori yanayochomwa hufanya kila kilicho chini angani kiwe chekundu, na watu huiita Mirihi hata nyota nyekundu iliyo katikati ya kundi la Nge. Nyota hiyo humetameta, Mirihi hutulia. Tarehe 21 Desemba 2020, Mshtarii na Zohali zilipokaribiana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi, mawingu ya mvua yalitupa upenyo mfupi tu, nami nikaziona zimebanana, Zohali ikiwa hafifu zaidi.

Mchangiaji wa Gungu: Mwenye darubini ndogo aegemeze viwiko mahali imara, na kando ya Mshtarii ataona vidoti vilivyojipanga mstari mmoja, ambavyo ni miezi ile minne aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Mleta mada: Nashukuru. Je, Utaridi? Haiachani na jua zaidi ya nyuzi 28.

Mchangiaji wa Ujiji: Itafute jioni, ndugu yangu, mara giza linapoanza. Huku huteremka karibu wima, hivyo hukaa juu ya milima ya Kongo muda wa kutosha. Alfajiri vilima vya mashariki mwa mji huificha, labda uvipande.