Fundi kala 1,500 yangu na printa haikuwa na ugonjwa wowote!

Wadau, nimekasirika na sitaki kuambiwa nipoe.

Nyumbani Kiamunyi tuna kompyuta 2. Ya mezani iko sebuleni, Windows 10, na printa imechomekwa hapo kwa waya. Laptopu ya mama watoto, mtumba wa Uingereza wenye Windows 11 Pro, hukaa chumbani. Miaka 3 amekuwa akichapisha kutoka kitandani. Ijumaa usiku laptopu ikaanza kujisasisha, tukaiacha tukalala. Asubuhi printa haipatikani. Kugusa folda tunayoshiriki kwenye kompyuta ya sebuleni, naambiwa kwa Kizungu kirefu kwamba sera za usalama za shirika langu zinazuia wageni wasiojitambulisha. Shirika gani jameni? Hapa ni mimi, mama watoto, watoto 2 na kuku.

Nikabeba printa na laptopu hadi kwa fundi mjini Nakuru. Hata hakuuliza kama kuna kompyuta nyingine. Kaigeuza printa, kaigonga ubavuni, akasema "bodi imekufa hii". 1,500 ya kuipima, halafu akanionyesha nyingine ya 19,000, iko hapo hapo kwenye rafu yake. Nikamwambia asubuhi hiyo hiyo imetoa ukurasa wa majaribio kutoka ile ya mezani, mweusi tii. Akasema eti hizo ni pumzi za mwisho.

Nimekesha siku 2 nikisoma. Kumbe ile ya mezani niliizimia zamani ulinzi wa paswadi wa kushiriki folda na printa kwenye mtandao wa nyumbani, ili kila mtu aingie kama mgeni. Sasisho lililoingia ni toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, lililotoka 2024. Tangu hapo Windows 11 Pro inataka mawasiliano ya kushiriki faili yatiwe sahihi, yaani alama ya kidijitali ya kuthibitisha yametoka kwa nani na hayajachezewa, na mgeni asiye na paswadi hana sahihi ya kutia. Folda na printa hupita mlango huo mmoja, kwa hiyo vyote vikafungiwa nje. Bodi inaingiaje hapo?

Dawa ilichukua dakika 15. Kwenye ile ya mezani nimefungua akaunti mpya yenye paswadi, nikarudisha ulinzi wa paswadi kwenye mipangilio ya kushiriki, nikaipa akaunti hiyo ruhusa ya folda. Kwenye laptopu nikaandika jina la kompyuta ya mezani, mkwaju wa kinyume (\), jina la akaunti, paswadi. PIN ya kufungulia kompyuta haikubaliki hapa, ilinipotezea saa nzima. Angalieni pia waifai isiwe imewekwa kama mtandao wa umma. Kuna wanaoshauri kuilazimisha laptopu ikubali wageni tena. Mimi sitaki, paswadi ya rauta yangu inajulikana na nusu ya ploti.

Wiki hiyo kazi za shule za mtoto zimechapishwa saiba, bob 10 kila ukurasa.

Fundi, najua unasoma humu. Jumatatu naja na printa mkononi, tuichomeke mbele ya wateja wako. Ikitoa karatasi, unanipa 1,500 yangu hapo hapo.