Chemchemi ya bustanini imekufa: tuifufue ile ile au tuweke mpya?

Dele_na_Kashata aliandika:

Wadau wa Tanga, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi nauza kahawa kwenye bustani moja hapa mjini, upande wa baharini. Sitaitaja, anayeijua ataijua kwa mwarobaini wake. Huu mwaka wa 14 nakaa palepale, hatua tano kutoka kwenye chemchemi ya kurusha maji, wengine mnaiita fauntaini. Kwa sasa ni sinia kubwa la zege lenye majani makavu na chupa za plastiki, na mvua za vuli zikinyesha linafuga viluwiluwi.

Zamani ilifanya kazi, na haikuwa na pampu. Bomba la mtaa liliingia moja kwa moja, maji yakapanda kimo cha mtu, yakaanguka, yakatokea kwenye tundu la juu kwenda mferejini. Mlinzi wa bustani alifungua koki kwa spana kila saa kumi jioni. Siku ilipofungwa mita ndipo ikajulikana inakunywa maji kiasi gani. Koki ikafungwa, spana nayo haikuonekana tena.

Sasa kuna kijana wa hapahapa, yuko Muscat, amefiwa na baba yake. Mzee alikuwa mteja wangu, kikombe cha kwanza cha jioni kilikuwa chake, bila kashata kwa sababu ya sukari. Kijana ana shilingi milioni 6 na nusu, anataka chemchemi ibadilishwe kwa ajili ya marehemu. Mambo ya ruhusa yanaendelea vizuri, hayo tuyaache.

Tatizo ni mkandarasi aliyekuja. Alinionyesha picha kwenye simu: chemchemi ya faiba ya ngazi tatu na simba wanne wanaotema maji. Bei yake milioni 14, pampu ya kilowati 1.5, iende kwa muda wa saa 10 kila siku. Nikaitazama ile picha hadi chai ya mtu ikapoa. Mbona haina ukingo? Akasema ukingo wa sasa unavunjwa wote, panazungushwa uzio wa chuma "kwa usalama".

Jamani, ukingo ule ndio baraza yetu. Maji yamekufa miaka na miaka na watu hawajaacha kukaa pale. Bao linachezewa pale, mahari zimejadiliwa pale, na timu yetu ya mpira, Coastal, ikifungwa watu wanakuja kununiana pale. Nikiwahesabu wateja wangu, saba katika kumi wamekalia ukingo.

Naomba ushauri wa mafundi. Sinia lina mita 6 kutoka upande hadi upande, kina nusu mita. Linafufulika? Na kama linafufulika, milioni 6 na nusu zinatosha, au niwaachie simba?

---

Fundi Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefunga pampu kwenye mashamba ya mkonge tangu nywele zikiwa nyeusi, kwa hiyo nisikilize.

Kwanza usinunue kitu chochote. Jaza maji uone kama sinia linavuja. Si lazima ulijaze lote: kwa vipimo vyako linabeba lita 14,000 na kidogo, ni hasara. Leta boza moja la lita 5,000, litakupa kama sentimita 17. Chukua ndoo, itie maji, iweke humohumo ndani ya sinia na jiwe isielee. Piga alama ya mkaa ndani ya ndoo na alama nyingine ukutani kwenye sinia. Kesho saa ileile tazama. Ndoo itapungua kwa jua na upepo tu. Sinia likipungua kuliko ndoo, tofauti hiyo ni uvujaji. Halafu uliache liendelee kupungua. Maji yakifika mahali yakasimama, yakawa yanakwenda sawa na ndoo, ufa wako uko kwenye mstari huo. Fundi akija kukuchimbia bustani nzima kutafuta ufa, mfukuze.

Pili, hiyo kilowati 1.5. Kupandisha lita moja ya maji kwa sekunde hadi mita moja kunataka wati 10 tu kwa hesabu ya kitabuni. Pampu haifanyi kazi kwa ukamilifu, mabomba nayo yanakula, basi zidisha mara tano, mara kumi, bado hujafika hata wati 150. Pampu ya kuzamisha ya wati 250 inakutosha na ya ziada. Sasa piga hesabu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ile ya simba: kilowati 1.5 kwa saa 10 ni uniti 15 kwa siku, 450 kwa mwezi. Uniti ikiwa shilingi 356, unazungumzia shilingi 160,200 kila mwezi. Ya wati 250 kwa saa 6 ni uniti moja na nusu kwa siku, mwezi mzima shilingi 16,020. Huyo kijana wa Muscat atanunua simba mara moja. Umeme nani atanunua mwezi wa saba, mwezi wa nane? Muulize mkandarasi swali hilo uone atatazama wapi.

Tatu, usirudi kwenye bomba la moja kwa moja. Lita moja kwa sekunde kwa saa 6 ni lita 21,600, yaani uniti 21 na zaidi za maji zinakwenda mferejini jioni moja. Chemchemi za kale za Roma ziliweza kwa kuwa maji yalishuka kwa mserereko kutoka vilimani na hakuna aliyesoma mita. Sisi maji yetu yanatoka Bwawa la Mabayani, yanasafishwa, yanasukumwa. Yazungushe humohumo, yale yale, uongeze tu yanayopotea.

Nne ni upepo. Hapo ni baharini. Maji yasirushwe juu kuliko umbali wa kutoka katikati hadi ukingoni, na kusi ikivuma yashushe hadi nusu ya hapo. Ukivuka kiasi hicho utawaosha wateja wako na kahawa yao.

---

Bint Ngamiani alijibu:

Fundi kasema ya pampu, mie naja na ya mbu.

Mnakumbuka dengi ya 2019? Dar na Tanga ndiko ilikopiga. Mie nililala siku sita mifupa ikiuma kama nimepondwa kwenye kinu. Yule mbu wake, mwenye miguu ya madoadoa meupe, haumi usiku kama tulivyozoea, anauma mchana, na anapenda maji masafi yaliyotulia. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au siku kumi kwenye joto hili letu. Na wengi hawajui kwamba mayai yake hayako majini, yamegandishwa ukutani juu kidogo ya maji, na yanakaa makavu kwa miezi yakisubiri. Kwa hiyo hilo sinia lenu likikauka msidhani limepona. Ndani lisuguliwe kwa brashi ngumu kila wiki, pampu iwepo isiwepo.

Msije mkatia perege ili wawale viluwiluwi. Wanakula kweli, ila klorini itawaua, na wasipokufa kwa klorini mtawaona kwenye sufuria ya mtu wiki ijayo.

La pili ni la huyo marehemu, Mungu amrehemu. Kama kijana anataka sadaka iendelee, sadaka ya maji tunayoijua sie ni maji ya kunywa. Watoto wa shule wanapita bustanini hapo saa saba na jua la utosi, hakuna hata koki. Halafu tunawawekea simba wanaotema maji ambayo hawaruhusiwi kuyagusa! Pembeni wekeni koki mbili za kubonyeza, zile zinazojifunga zenyewe, moja chini kwa wadogo.

---

Mchumi wa Mtaa alijibu:

Mnapoteza muda. Mwaka 2024 mamlaka ya maji iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili huduma ipanuke, ninyi mnajadili maji ya kuchezea. Jazeni udongo, pandeni maua, mambo yaishe.

---

Fundi Mstaafu alijibu:

Maua nayo yanamwagiliwa, bwana mchumi, na maji ya kumwagilia hayarudi. Sinia dogo linalozungusha maji yake litapoteza kwa jua milimita tano hivi kwa siku. Tuseme lina upana wa mita 3, nusu ya hilo la sasa, hizo ni kama lita 35, tuseme ndoo mbili. Ongeza moja ya upepo. Bustani ya maua ya ukubwa ule haitosheki na ndoo tatu.

---

Breka Kuu alijibu:

Kwa ufupi upande wa umeme: breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30, iwepo na ijaribiwe kila mwezi kwa kile kitufe chake. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12. Waya wa ethi usisahaulike. Swichi ya boya iwepo ili maji yakipungua pampu izime, la sivyo itaungua wiki ya kwanza mtu akichota maji ya kuoshea bajaji.

Na pampu ifungiwe chini ya mfuniko wa zege unaohitaji watu wawili kuunyanyua. Ukiiacha wazi, mji huu unajulikana: waja leo, waondoka leo. Shaba ndani ya pampu ina bei kwa wauza skrepa.

---

Dele_na_Kashata alijibu:

Nimerudi. Nilifanya alichosema mzee wangu Fundi. Boza lilikuja asubuhi, ndoo nikaazima kwa mama muuza mihogo. Watu walijazana kuliko siku ya mechi, kila mmoja na utabiri wake.

Baada ya siku moja ndoo ilipungua nusu sentimita. Sinia lilipungua sentimita 4. Yule kijana anayesomea uhasibu akapiga hesabu kwenye karatasi ya kashata: karibu lita 1,000 zimepotea ardhini kwa siku moja. Siku ya tatu maji yakasimama sentimita 9 kutoka chini, yakagoma kushuka zaidi. Nikazunguka nikichungulia kwenye mstari ule. Upande wa mashariki nikauona ufa, unaingia kidole cha mtoto, na ndani yake kuna mzizi mweusi.

Mwarobaini. Mti wenyewe unaonipa kivuli miaka yote hii.

Mkandarasi wa simba nilipompigia akasema mti ukatwe. Nikamwambia asante, nikakata simu.

---

Fundi Mstaafu alijibu:

Mti usikatwe, na ufa usihangaike nao. Mizizi ya mwarobaini ukiiziba hapa itatokea pale.

Fanya hivi. Sinia la zamani liache kama lilivyo, ukingo usiguswe hata jiwe. Katikati jenga sinia dogo la mita 3, la wavu wa kuku na nondo nyembamba, plasta ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, tabaka mbili. Lisimame juu ya msingi wake, mbali na mzizi. Kati ya dogo na ukingo wa kale utabaki mzingo wa mita moja na nusu: mwaga kokoto, toboa matundu chini maji ya mvua yasituame, Bint Ngamiani asije kutugombeza. Mabomba yawe ya plastiki tupu, ya chuma chumvi ya hapo itayala. Kichwa cha kurushia kiwe cha shaba nyeusi au ya njano. Skrubu na bolti, usikubali "haishiki kutu" ya dukani tu. Dai ile ya daraja la 316, maana ile ya 304 inapata madoa karibu na bahari.

Maji yapande mita moja, basi. Utasikia sauti yake vizuri kuliko simba wanne, maana hakuna injini inayonguruma. Kwa makadirio yangu kazi, pampu na umeme haifiki milioni 4 na nusu. Kinachobaki weka koki za yule mama, na kingine kiwe cha LUKU, kishikwe na watu wawili wasiopendana.

---

Bint Ngamiani alijibu:

Wasiopendana! Hapo fundi umemaliza. Lakini mie si mama, ni binti.

---

Dele_na_Kashata alijibu:

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasubiri jibu la Muscat. Nilimtumia picha ya ufa, hesabu ya LUKU, na maneno ya Bint Ngamiani kama yalivyo bila kuyapunguza. Kanyamaza siku mbili, nikadhani nimemuudhi. Jana usiku kanitumia ujumbe wa sauti. Anasema simba hakuwataka yeye, aliwataka mkandarasi. Anasema baba yake alikuwa akimpigia simu kutoka pale ukingoni, na enzi za koki na spana alisikia maji kwa nyuma, akajua ni saa kumi za Tanga bila kuangalia saa.

Ameuliza kitu kimoja tu, kibao cha jina kikae wapi. Wazee wa bao wanataka katikati, juu ya kichwa cha maji, kionekane. Mimi nimemwambia kikae juu ya ile koki fupi ya watoto. Amekubali.

Jumamosi tunapima mahali pa msingi. Mzee Fundi, kama miguu inaruhusu njoo, bajaji nitalipa mimi. Na Breka Kuu, ule mfuniko wa watu wawili nimeshaongea na wazee wa bao, wamesema wao wataukalia.