Ukoo wa Kikwajuni: gumzo la Ijumaa kuhusu Sambi, rais wa zamani wa Komoro

Nadhra (Dar): Assalaam alaykum. Wakubwa shikamooni. Kuna mama wa Kingazija nimekaa naye kwenye daladala leo, kaniambia "nyinyi Watanzania ndio mliomrudishia Sambi kisiwa chake, halafu alipofungwa mkanyamaza." Nimekosa la kumjibu. Ana maana gani?

Bibi Kikwajuni: Waalaykum salaam mjukuu wangu. Marahaba. Huyo mama ana lake moyoni. Abdurahmani mweleze mtoto, mie macho hayanipi kuandika mengi.

Mjomba Abdurahmani: Marahaba Nadhra. Ahmed Abdallah Mohamed Sambi ni mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, kazaliwa 1958. Kasoma Madina, akaenda mpaka Qom, Irani, ndipo wasiomtaka wakampachika jina la "Ayatollah", cheo cha mashekhe wakubwa wa Kishia, na kilemba chake kikawasaidia. Alikuwa mhubiri, watu wakimfuata kwa ulimi wake, na mkono wa pili mfanyabiashara: magodoro, maji ya chupa, manukato. Zamu ya Nzwani ilipofika 2006 aligombea urais wa nchi nzima akapata 58%.

Nadhra (Dar): Zamu? Urais kwa zamu?

Mjomba Abdurahmani: Ndiyo, na ukilikosa hili hutaelewa yaliyofuata. Komoro imepata uhuru Julai 1975, haikumaliza hata mwezi mmoja serikali ikapinduliwa. Tangu hapo mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yanakaribia 20. 1997 Nzwani ikajitenga kabisa, wakilalamika kila kitu kinakwenda Moroni, mji mkuu. Ili nchi isisambaratike wakakaa Fomboni, kule Mwali, mwaka 2001, wakakubaliana: rais atoke Ngazija, kisha Nzwani, kisha Mwali, na kila kisiwa kiwe na rais wake mdogo. Azali Assoumani, kanali aliyeshika nchi kwa mapinduzi 1999, alichaguliwa 2002 kwa zamu ya Ngazija, na 2006 akamkabidhi Sambi kiti kwa mkono. Nchi ile ilikuwa haijawahi kuona rais anampisha mwenzake kwa amani. Mimi nilifurahi siku ile kama vile ni kwetu.

Bibi Kikwajuni: Ni kwetu. Babu yako wa Itsandra, kulekule Ngazija.

Shemeji Juma (Morogoro): Hapo sasa ndipo tulipoingia sisi. Kanali Mohamed Bacar alikuwa rais wa kisiwa cha Nzwani, muda wake ukaisha 2007, akaambiwa asifanye uchaguzi bado, akafanya wa kwake, akajitangaza mshindi. Umoja wa Afrika ukazungumza naye miezi na miezi. Machi 25, 2008 alfajiri tukashuka: JWTZ, Wasudani, na jeshi la Komoro lenyewe. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijawahi kuona watu wanatoka majumbani kulishangilia jeshi la kigeni namna ile. Kina mama wanatuita "wanangu" na lugha tunasikilizana nusu kwa nusu.

Salim (Mutsamudu): Nilikuwepo shemeji. Petroli hakuna, boti hazitoki. Tulipojua Bacar kakimbilia Maore, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa, kwa boti, mji wote ulikuwa barabarani. Sambi alikuwa kijana wa mji wetu na siku ile alikuwa mkubwa kuliko marais wote waliopita.

Nadhra (Dar): Sasa mtu kama huyo anafungwaje?

Rukia (Abu Dhabi): Pasipoti Nadhra. Na mimi kwa hili simtetei, mniwie radhi wote.

Mjomba Abdurahmani: Sema mwanangu.

Rukia (Abu Dhabi): Huku Ghuba kuna watu wanaitwa bidun. Wamezaliwa hapa, wazazi wao wamezaliwa hapa, uraia hawana. 2008 serikali ya Sambi ikapitisha sheria ya uraia wa kiuchumi: Emirati na Kuwait zilipe, Komoro iwape watu hao pasipoti. Kazini nina mwenzangu mmoja, Kiarabu chake cha hapahapa, siku moja kanionyesha pasipoti yake: mwezi na nyota nne juu ya jalada. Kaniuliza Moroni ni kisiwa au ni mji. Wala hakuwa anatania, alikuwa hajui. Kapewa nchi asiyoijua ili asipewe ile anayoishi. Kwenye karatasi akawa mgeni hapa alipozaliwa. Huwezi kumfanyia binadamu hivyo ukasema ni mradi wa maendeleo.

Bibi Kikwajuni: Rukia mwanangu, umenigusa. Baada ya Mapinduzi ilifika siku Wangazija wa Unguja hii tukaambiwa si raia mpaka tuombe. Marehemu baba yangu kazaliwa Malindi, kazikwa Mwanakwerekwe, akapangishwa foleni na bahasha yake mkononi kuomba awe mtu wa hapa. Alivaa kanzu ya Idi kwenda kuomba. Aliporudi hakula. Kwa hiyo mie nikisikia uraia unauzwa na wenye uchungu nao hawapewi, siwezi kunyamaza, awe nani kaufanya.

Salim (Mutsamudu): Bibi, sote tunakubali biashara ile ilikuwa mbaya. Lakini aliahidi barabara, bandari, nyumba za watu wa hali ya chini. Nchi haina fedha, walimu wanakaa miezi hawajalipwa. Alitafuta pesa zilipo.

Rukia (Abu Dhabi): Na zilikwenda wapi Salim? Mwendesha mashtaka alisema hasara ya dola bilioni 1.8. Hiyo inapita pato zima la Komoro la mwaka.

Salim (Mutsamudu): Alisema. Kuthibitisha ni kazi nyingine, na Sambi alikanusha yote.

Mjomba Abdurahmani: Hapa naomba tusikimbie. 2009 Sambi aliitisha kura ya maoni, muda wake ukarefushwa na marais wa visiwa wakashushwa kuwa magavana. Watu wa Mwali walipiga kelele, na walikuwa na haki, maana zamu ilikuwa yao. Hata hivyo 2011 alimpisha Ikililou Dhoinine wa Mwali. Hilo la kumpisha mwenzake nampa. Kisha 2016 zamu ikarudi Ngazija, Sambi akataka kugombea yeye mtu wa Nzwani, Mahakama ya Katiba ikamkatalia. Akafanya nini? Duru ya pili chama chake cha Juwa kikamuunga mkono Azali! Azali akapita kwa tofauti ya kura chache. Bila Sambi sidhani kama angepita.

Nadhra (Dar): Subirini. Azali huyuhuyu?

Mjomba Abdurahmani: Huyohuyo. Haikupita miaka miwili. Aprili 2018 Mahakama ya Katiba ikaondolewa, Mei Sambi akazuiliwa nyumbani kwake, Julai ikaja kura ya maoni iliyomruhusu Azali kuendelea baada ya 2021, mwaka ambao ulikuwa zamu ya Nzwani. Agosti Sambi akawekwa mahabusu rasmi.

Salim (Mutsamudu): Na Oktoba ile ikaja zamu ya medina yetu, yaani mji wa kale. Vijana wenye bunduki wakajifungia ndani ya vichochoro, jeshi limezunguka nje. Vichochoro vya Mutsamudu unavijua Mjomba, wawili hawapishani mmoja akibeba ndoo. Maji yalikatwa, umeme ulikatwa. Mama alitulaza chini ya ngazi kwa sababu ukuta wa pale ni mnene. Watu walikufa. Gavana wetu akakamatwa. Miaka kumi nyuma jeshi lilikuja tukalipigia vigelegele, safari hii tulikuwa tunalikimbia.

Shemeji Juma (Morogoro): Hili sikulijua Salim. Poleni sana.

Mjomba Abdurahmani: Sasa Nadhra, huyo mama wa daladala naona kinachomuuma ni hukumu. Sheria yao inasema mahabusu haizidi miezi minane. Sambi alikaa zaidi ya miaka minne kabla ya kesi. Shtaka lilianza kuwa rushwa, likageuzwa uhaini mkubwa. Mahakama ya Usalama wa Taifa, ambayo haina rufaa. Alikataa kuhukumiwa na majaji wale, na Novemba 2022 akapewa kifungo cha maisha. Mimi nasema hivi: kama kala fedha za watu, aulizwe senti kwa senti, mbele ya mahakama ambayo akishindwa anaweza kupanda ya juu. Namuombea haki hiyo hata nikimuona ana makosa.

Rukia (Abu Dhabi): Kwa hilo la rufaa niko na wewe Mjomba. Kwa pasipoti sibadiliki.

Salim (Mutsamudu): Usibadilike dada. Hata hapa kisiwani tunaompenda hatulali mkao mmoja kwenye hilo.

Nadhra (Dar): Nimewaelewa. Na Bacar je? Yule aliyefukuzwa kwa jeshi alihukumiwa nini?

Mjomba Abdurahmani: Alifika Maore akiwa na watu wake wenye silaha, Wafaransa wakampeleka Réunion, kisiwa chao kingine. Moroni ikaomba arudishwe ashtakiwe, Ufaransa ikakataa kumtoa. Julai 2008 wakampeleka Benin.

Shemeji Juma (Morogoro): Benin. Na sisi tulimfuata mpaka chumba cha mwisho cha ikulu yake.