Mdogo wangu anavuja mkojo tangu ajifungue, tuanzie wapi?

BintiFaza
Asalaam aleykum. Mdogo wangu yuko Faza, mimi niko Lamu mjini. Uchungu ulimshika Jumatano baada ya isha. Alhamisi asubuhi alipelekwa zahanati, nesi akampima, akasema njia bado, atembeetembee. Hakupimwa tena hadi alasiri. Usiku kucha anasukuma, mtoto hashuki. Ijumaa ndipo wakasema avushwe, na Mkanda, ule mlango wa bahari wa kupitia boti, maji yamekupwa, boti ikangoja yajae. Alipopasuliwa mtoto alikuwa ameshafariki. Inna lillahi.

Hospitali walipomtoa mpira wa mkojo, akaanza kuvuja. Amekaa, amelala, ni kuvuja tu. Leso hazikauki kambani, nyumba inafukizwa udi kutwa. Mavyaa wake alisema ni baridi ya uzazi, arobaini ikitoka itakatika. Imetoka, hii ni wiki ya tisa. Hata kusali ameacha, asema udhu haukai. Nilipoomba faili niliambiwa ni mali ya hospitali. Ni kweli?

MkungaMstaafu
Mwanangu, pole sana. Nimezalisha miaka 31 hapa Malindi. Hiyo si baridi, yaelekea ni fistula. Kichwa cha mtoto kikikwama, hukibana kibofu kwenye mfupa saa baada ya saa. Nyama pale hukosa damu, ikafa, na baada ya siku kadhaa ikabanduka ikaacha tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Ndiyo maana wengi hawaanzi kuvuja siku ile ile.

Mpelekeni kwa daktari wa wanawake. Atajaza kibofu dawa ya buluu aone inatokea wapi. Lingejulikana mapema, mpira ungeachwa wiki kadhaa na tundu dogo huweza kujiziba. Sasa huenda akahitaji upasuaji. Na anywe maji! Wengi hujinyima ili wasivuje, mkojo ukakolea ukawachoma mapaja.

Kwenye faili tafuta karatasi ya patografu, ile ya kuandikia mwendo wa uchungu. Uchungu ukishachanganya, njia hupimwa kila saa 4, moyo wa mtoto kila nusu saa, yote yaandikwe. Ukiikuta tupu, usiitupe. Utupu huo nao unasema.

Nahodha_Siyu
Msimrukie nesi. Zahanati zetu mtu ni mmoja usiku na mchana. Mengine ni kadari.

Wakili_njiani
Faili hospitali hulitunza, lakini habari zilizomo ni zake. Aombe kwa barua, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, ataje Katiba ya Kenya kifungu cha 35, cha haki ya kupata habari. Cha 43 kinampa haki ya huduma za uzazi. Malalamiko ya nesi yanakwenda Baraza la Wauguzi, ya daktari Baraza la Madaktari. Mahakamani, madai ya uzembe kwa kawaida ni ndani ya miaka 3, lakini ukishtaki serikali sheria inataja miezi 12. Nyinyi hesabuni 12. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini akapigwa na manesi.

UmmuS
Dada, mimi nilivuja miaka minne. Nikienda arusini nakaa karibu na mlango, chakula kikiletwa nishaondoka. Nilipasuliwa Eldoret, hospitali ya Gynocare, mara ya kwanza haikushika, ya pili ikashika. Mwambie asikate tamaa kwa mara moja. Na sala asiache: nilimuuliza shehe, ajifunge kitambaa, atawadhe kila faradhi wakati wake ukiingia, asali hivyo hivyo. Akitaka kuzungumza nami, nitumie ujumbe wa faragha.

BintiFaza
UmmuS, nimemsomea kwa simu, analia. Ameomba namba yako.

Nahodha, najua nesi alikuwa peke yake. Lakini simu alikuwa nayo, na Alhamisi adhuhuri Mkanda ulikuwa umejaa.

Barua nimeiandika, naipeleka Jumatatu. Mavyaa hajaambiwa bado, tutasema anakuja kwangu kupumzika.