Wauza miwani ya VR Mwanza, mnaliua soko wenyewe kwa bei za kificho

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha. Mwenye duka yeyote wa Mwanza anayeuza miwani ya VR (ile unayovaa usoni ukajiona umo ndani ya gemu) na yumo humu, asome mpaka mwisho. Akiona nimemwonea, ajibu hapahapa, na ajibu kwa bei.

Naanza na huu mchezo wa "bei inboksi". Unakuta Quest 3S, miwani ya VR ya Meta wenye Facebook, imepostiwa, picha safi, maelezo marefu, vimoto kibao, bei haipo. Unauliza kwenye maoni, unajibiwa "njoo inboksi bosi". Ukifika huko, kabla hata ya kuulizwa unataka ipi, unaulizwa "upo wapi?" Kisha "ni ya kwako au ya ofisi?" Hapo mfuko wako unapimwa. Nilimwambia kijana wangu wa kwenye banda langu la gemu aulizie kwenye ukurasa mmoja wa hapa mjini, na mimi nikaulizia kwa namba nyingine nikajitambulisha kuwa natokea Geita, nipo mgodini. Kifaa kilekile, picha ileile, jioni ileile. Kijana kaambiwa 1,500,000. Mtu wa mgodini kaambiwa 1,950,000. Laki nne na nusu zimeongezwa kwa sababu ya jina la Geita tu, na tena "nakufanyia hiyo bei kwa sababu ni wewe".

Tuje kwenye hesabu, maana mnadhani wateja hawajui kupiga hesabu.

Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299, ile ya GB 128. Quest 3 yenyewe ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499. Chukua 3S na dola uiweke shilingi 2,600, unapata kama 777,000. Ongeza usafiri na bima 80,000, inakuwa 857,000. Tuseme forodha wamekupiga ushuru wa asilimia 25, imefika 1,071,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo jumla, umefika 1,264,000. Weka tozo ndogondogo, mzunguko ni 1,300,000 ikiwa imelipiwa kila kitu. Ukiniuzia kwa 1,450,000 sina neno, una kodi ya fremu, una kijana wa kumlipa, una watoto. Nitalipa na nitakushukuru. Sasa hiyo 1,950,000 inatoka wapi?

Na hapo nimewahesabia kama watu mliolipa. Wengi wenu mzigo unakuja kwenye begi la nguo kutoka Dubai, haujaonana na forodha kabisa. Ndiyo maana mteja akishakubali bei anaulizwa "na risiti au bila risiti?" Risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, ni haki ya mnunuzi na ni wajibu wa muuzaji kisheria. Imekuwaje ikawa kitu cha kuongezewa laki mbili?

Kingine ni hii tabia ya bei kujua kupanda tu. Agosti 2022 Meta waliongeza dola 100 kwenye Quest 2, toleo la kabla ya Quest 3, ikatoka 299 ikawa 399. Hapa Mwanza habari ilifika haraka ajabu, mzigo uliokuwa tayari kwenye rafu nao ukapanda. Juni 2023 wakairudisha 299. Januari 2024 wakaishusha mpaka 249. Nikaenda kuuliza, nikaambiwa "huu ni mzigo wa bei ya zamani, mkuu". Sony nao Machi 2025 waliitoa PSVR2, miwani yao ya PlayStation, kwenye dola 549.99 wakaiweka 399.99. Punguzo la dola 150! Nenda kaulize leo mjini uone kama kuna aliyesikia. Ikipanda ng'ambo mna habari, ikishuka hamna bando.

Halafu kuna suala la matoleo. Oculus ndilo jina la zamani la miwani hii ya Meta. Oculus Quest ya kwanza ni kifaa cha Mei 2019. Meta walishatangaza kuachana nayo, na tangu mwishoni mwa Aprili 2024 watengenezaji hawaruhusiwi kupandisha programu mpya kwa ajili yake. Oculus Go ya 2018 ndiyo imekufa zaidi. Lakini vyote viwili nimevikuta vinauzwa kwa jina moja tu, "Oculus, mpya kabisa, ipo kwenye boksi lake". Mtu anayenunua kwa mara ya kwanza atajuaje? Anaona neno Oculus, anaona boksi jeupe, anatoa pesa. Akifika nyumbani gemu anazoziona YouTube hazipo dukani mwake, anaambiwa "subiri apdeti". Apdeti haiji!

Kuna maboksi ya plastiki pia, yale ya kuchomeka simu. Hili ndilo lililonifanya nifungue huu uzi. Mama mmoja wa Nyakato alikuja bandani kwangu Kirumba na mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niwashie hii nione kama ni nzima, kabla sijampa mjukuu wangu. Amefaulu, anaingia kidato cha kwanza."

Nikatoa boksi. Nje kuna picha ya mtoto anapigana na zimwi, rangi zinawaka. Ndani kuna fremu ya plastiki, lenzi mbili, mkanda wa kichwani na kibanio cha springi cha kushikia simu. Basi. Akaniuliza waya wa chaji uko wapi, maana alitafuta kwenye boksi hakuuona. Nikamweleza hakuna cha kuchajiwa, kinachofanya kazi ni simu unayoweka mle ndani. Akatoa simu yake mkobani, ni kitochi. Mama wa watu alilipa 180,000, na dukani aliambiwa "hii ndiyo VR yenyewe mama, hizo nyingine ni jina tu". Alirudi kule na boksi lake, akaonyeshwa kibandiko ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Na hata angekuwa na simu janja, simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa hapa hazina jairoskopu, kile kihisi kinachojua kichwa kimegeukia wapi. Bila hicho ukigeuza shingo picha imeganda palepale, umevaa televisheni ndogo usoni. Google wenyewe walioanzisha mtindo huo kwa karatasi ngumu mwaka 2014 waliuacha. Ile Daydream yao, nayo ya kuwekea simu, waliizika 2019, na yale makaratasi waliacha kuyauza 2021. Mzigo uliofukuzwa duniani ndio anauziwa bibi wa Nyakato kama zawadi ya kufaulu.

Mnajua hata kuvitunza hamvitunzi? Piteni Makoroboi muone. Miwani imewekwa kwenye meza ya nje, lenzi zimeangalia juu, jua la saa saba linaingia moja kwa moja. Lenzi zile hukusanya mwanga wa jua sehemu moja na kuchoma kioo cha ndani, na dakika chache zinatosha. Onyo hilo wanalitoa watengenezaji wenyewe. Mteja anakwenda nayo nyumbani, anakuta doa katikati ya picha, akirudi anaambiwa "umeiharibu wewe". Waranti? "Tulijaribu ikawaka mbele yako."

Mimi mwenyewe nina Quest 2 bandani. Niliuziwa "na gemu 25 ndani". Gemu zilikuwa ndani ya akaunti ya muuzaji, na akaunti hiyohiyo aliiuza kwa watu wengine wa Igoma na Buzuruga. Ikawa wateja wangu wako katikati ya raundi gemu inafunga, kwa sababu mtu mwingine ameifungua upande wa pili wa mji. Nilipolalamika alibadilisha nywila. Gemu zote 25 zikaenda. Nikaanza upya kwa akaunti yangu, nikanunua Beat Saber kwa dola 29.99, kama 78,000 hivi, na hiyo sijutii hata senti kwa sababu ndiyo inayoniletea watu. Haihitaji Kiingereza wala maelezo. Unavaa, muziki unaanza, unakata maboksi.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu soko, maana mnasema "VR Mwanza haiendi". Inakwenda! Ila mnatafuta mteja asiyekuwepo. Mnamsubiri tajiri wa Capri Point aje anunue moja ya mwanawe, halafu mnamkamua kana kwamba hamtamwona tena. Mteja wa kweli wa VR Kanda ya Ziwa ni banda la gemu. Ninachaji 1,000 kwa dakika kumi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, vijana wanakaa mwaloni na hela mfukoni na hawana pa kwenda. Wanajaa kwangu mpaka nje. Jumamosi wanakuja wanafunzi, wengine wanatoka Malimbe huko chuoni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema anakuja mjini bila kuhesabu foleni ya kivuko, na nimeanza kuwaona. Siku nzuri inaniingizia 25,000 kwa miwani moja, hapo betri inakaa kama saa mbili tu na umeme ukikatika nimekwisha.

Kwa mapato hayo, tofauti ya 1,450,000 na 1,950,000 ni ya kufa na kupona. Kwa bei ya kwanza mwenye banda wa Mabatini, wa Buhongwa au wa Nansio kule Ukerewe anakopa kwenye kikoba na anarudisha. Kwa bei ya pili marejesho yanamshinda, anauza kifaa kwa hasara, na mtaa mzima unaambiwa VR ni biashara kichaa. Mngeuza tano kwa faida ndogo kwa wenye mabanda, mwakani wangerudi kununua kumi, na mikanda, na sponji za usoni maana zinaoza kwa jasho, na pedi za kuchezea. Hizo sponji zenyewe mjini hakuna mwenye nazo! Mnauza kifaa cha milioni na nusu, kipuri cha elfu thelathini mnasema agiza China.

Na msidhani bei ya ng'ambo itaendelea kuwabeba. Ile dola 299 ya kutokea ilikuwa bei ya kampuni inayokubali kupata hasara ili watu wazoee. Kitengo cha Meta kinachotengeneza hivi vifaa, Reality Labs, kilipata hasara ya dola bilioni 13.7 mwaka 2022, bilioni 16.1 mwaka 2023, na bilioni 17.7 mwaka 2024. Oktoba 2017 Zuckerberg alisema anataka watu bilioni moja waingie kwenye VR. Goldman Sachs mwaka 2016 walitabiri kwamba VR na ndugu zake litakuwa soko la dola bilioni 80 ifikapo 2025. Mwaka huo umepita na hakuna chochote kilichokaribia hapo. Apple walikuja na ya dola 3,499 Februari 2024, hiyo hata kuijadili hapa Kirumba ni kupoteza muda. Siku wenye mali wakichoka kulipia hasara, bei itapanda huko huko, na nyie mtaongeza cha juu juu yake. Wakati wa kujenga wateja ni sasa.

Kampuni nazo sitaziacha. Sony hawaitambui Tanzania kwenye PlayStation Network, barani kote nchi yenye duka lake ni Afrika Kusini. Kwa hiyo tunafungua akaunti za Marekani au Uingereza, na nchi ukishaichagua huibadilishi tena. Meta nao hawauzi Quest rasmi hapa, kwa hiyo hakuna wakala, hakuna fundi anayetambulika, hakuna waranti inayoshika. Pengo hilo ndilo mawinga, madalali wa mtaani, wanalolitumia kula, kwa sababu mteja hana mlango mwingine wa kubisha.

Ninachotaka ni hiki. Andikeni bei kwenye tangazo. Andikeni toleo na mwaka. Boksi la plastiki liitwe la kuwekea simu. Kifaa kiwashwe kwa akaunti ya mnunuzi mbele yake, avae, aangalie kioo kama kina doa, apewe risiti ya EFD yenye bei aliyolipa. Yule mama wa Nyakato nimemwambia aende FCC, Tume ya Ushindani, na boksi lake, kuuza kitu kwa maelezo ya uongo ni kosa, na nitamsindikiza.

Wadau wa Mwanza, Musoma, Bukoba, Shinyanga na Geita, aliyenunua miwani ya VR aweke hapa toleo, mwezi alionunua, bei aliyolipa, na kama alipewa risiti. Jina la duka msiweke kwa sasa, namba zinatosha. Naanza mimi: Quest 2, GB 128, Machi 2024, 1,350,000, bila risiti.