Kutoka fundi umeme hadi mkufunzi: nianzie wapi?

waya_mbili: Wadau, habari za jioni. Nina gredi ya 1 ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) na leseni ya EPRA (mdhibiti wa nishati). Nataka kufundisha wanagenzi hapa Nairobi, sita kwa kuanzia. Karatasi zangu zatosha? Na mbao za mazoezi nizitengeneze vipi?

Erthi_Kwanza: Karibu, mkuu. Gredi ya NITA inaonyesha unaijua kazi. Leseni ya EPRA inakuruhusu kuifanya. Hakuna kati ya hizo inayokufanya mkufunzi. Ukitaka kufundisha kwenye taasisi, Sheria ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2013 inataka usajiliwe na TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo hayo. Mafunzo ya ualimu wa ufundi yapo Gigiri, Kenya School of TVET, ile tuliyozoea kuiita KTTC. Ulizia huko kabla ya kununua hata bisibisi.

Mama_Breka: Kuhusu mbao: vijana wawili kwa ubao mmoja, basi. Wakiwa watatu, mmoja atashika tochi muhula mzima. Tumia plaiwudi ya milimita 18, breka ya ampea 32, RCD (inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 na soketi sita kwenye saketi ya mzunguko, yaani waya unaotoka kwenye breka, kupita soketi zote na kurudi palepale, kwa waya wa milimita za mraba 2.5.

Kosa la wengi ni kufunga mita nane tu za waya. Shaba ya 2.5 ina takribani miliomu 7.4 kwa mita, kwa hiyo usomaji unapotelea ndani ya nyaya za kifaa cha kupimia chenyewe. Zungusha mita 40 za laivu na 40 za nyutro nyuma ya ubao. Ncha kwa ncha kila moja itasoma karibu omu 0.3. Ukiunganisha ncha kwa kupishana, laivu ya upande mmoja na nyutro ya upande wa pili, kila soketi isome karibu 0.15. Lakini hayo mabunda ni ya kupimia bila umeme tu. Ukiyapitishia mzigo mkubwa yatapata moto.

waya_mbili: Asante, dada. Na soketi moja ikisoma 0.4, zingine 0.15?

Mama_Breka: Usimwambie jibu! Mwulize kwanza anadhani ni nini. Akisema ni tawi, yaani soketi iliyochomolewa pembeni ya mzunguko kwa waya wake, mpe hesabu: mita moja ya tawi inaongeza kama omu 0.015, laivu na nyutro pamoja. Kufika 0.4 angehitaji mita 17 hivi, na ubao hauna nafasi hiyo. Basi afungue soketi. Mara nyingi skrubu imebana plastiki badala ya shaba.

Erthi_Kwanza: Niongeze mawili. Kipimo cha insulesheni (ganda la waya linalozuia umeme kuvuja) ni volti 500, na kiwango cha chini ni megaomu 1. Ila ubao mpya ukisoma 2, usiupitishe: waya mpya husoma mamia, kwa hiyo pana unyevu au waya umechunwa. Toeni balbu za LED kwanza, zinadanganya mita na zinaweza kuungua.

La pili, ile tesa ya bisibisi inayouzwa barabara ya Luthuli kama njugu isithibitishe kwamba waya umekufa. Ukisimama juu ya ngazi ya mbao kavu inaweza isiwake na laivu ipo. Tumia kipimo cha ncha mbili, ukijaribu kwenye umeme unaojulikana kabla ya kupima na tena baada ya kupima. Ufunguo wa breka kuu ukae mfukoni mwako.